Lubumbashi–Kinshasa: kwa nini tiketi inaonyesha saa 1 na dakika 20 kwenda, lakini saa 3 na dakika 20 kurudi?

Swali: «Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 71 na hajawahi kupanda ndege. Mdogo wangu anayeishi Kinshasa amemkatia tiketi ya kwenda na kurudi. Ndege ya kwenda inatoka Luano, uwanja wa hapa Lubumbashi, saa 10:00 na kufika N'djili, uwanja wa Kinshasa, saa 11:20. Ya kurudi inatoka N'djili saa 10:00 na kufika Luano saa 13:20. Njia ni ile ile, iweje ya kurudi izidi kwa saa mbili nzima? Mjomba anasema ni kwa sababu dunia inazunguka. Jirani yetu hapa Katuba anasema ndege ya kurudi lazima ipitie Mbuji-Mayi. Nimetafuta umbali kwenye intaneti, nikapata 1,553, pengine 965, pengine 838. Mama ana miadi ya daktari kule Gombe, Kinshasa, saa 14:00 siku hiyo hiyo ya kufika, na miguu yake huvimba akikaa sana. Nimwamini nani, na je, mpango huu unawezekana?»

Ndugu yangu, nianze na lile linalokusumbua zaidi, kisha nitarudi kwenye umbali, maana ukilielewa la kwanza mengine yatakuwa mepesi. Mama yako atakaa kwenye ndege muda ule ule kwenda na kurudi, yaani takriban saa 2 na dakika 20 kila upande. Tiketi haina kosa, na hakuna ndege iliyo na mbio kuliko nyingine. Kinachotofautiana ni saa za ukutani za miji hiyo miwili.

Nchi yetu ni pana kiasi kwamba inatumia majira mawili ya saa. Katanga yote, Kasai, Kivu na eneo la Kisangani hadi Bunia hufuata saa zilizo mbele kwa saa mbili kuliko saa za ulimwengu, zile wanazotumia marubani duniani kote. Kinshasa, Kongo-Central, Bandundu ya zamani na Équateur ya zamani ziko mbele kwa saa moja tu. Kwa hiyo Lubumbashi ikifika saa 10:00, Kinshasa bado ni saa 09:00. Nasi hatubadilishi saa kwa misimu kama wafanyavyo Wazungu, kwa hiyo tofauti hiyo ni ile ile mwaka mzima.

Sasa ichukue tiketi ya mama. Kanuni inayofuatwa na mashirika yote ya ndege ni kwamba saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya mji wa kuondoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji wa kufika. Ndege ikitoka Luano saa 10:00 na kusafiri kwa saa 2 na dakika 20, hapa nyumbani itakuwa saa 12:20 inapofika, ila saa ya N'djili itasoma 11:20. Wakati wa kurudi, ikitoka N'djili saa 10:00, saa za Lubumbashi tayari ni 11:00. Ongeza saa 2 na dakika 20 utapata 13:20, kama ilivyoandikwa. Unaweza kujihakikishia mwenyewe bila kumuuliza mtu: jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na ule wa kurudi, saa 1 na dakika 20 na saa 3 na dakika 20, upate saa 4 na dakika 40, kisha gawanya kwa mbili. Jibu ni muda halisi wa safari moja. Na nusu ya tofauti kati ya nyakati hizo mbili, ambayo ni saa moja kamili, ndiyo tofauti ya majira. Hesabu hii inafaa kwa tiketi yoyote ya kwenda na kurudi mradi ndege ni ya aina moja na haisimami njiani.

Wapo wanaodhani kwamba majira haya mawili ni uamuzi wa serikali tu usio na maana. Sivyo. Jua huonekana kusogea nyuzi 15 za longitudo kwa kila saa, sawa na dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Luano iko karibu nyuzi 27 na nusu mashariki, N'djili iko karibu nyuzi 15 na nusu, kwa hiyo kati yao kuna nyuzi 12, na jua la Kinshasa huchelewa kwa dakika 48 hivi kuliko letu. Sheria imezifanya dakika hizo 48 kuwa saa moja kamili ili hesabu iwe rahisi. Ndiyo maana saa sita ya mchana jua liko karibu na kilele chake Lubumbashi kwa saa za Lubumbashi, na Kinshasa kwa saa za Kinshasa.

Mjomba wako ameshika jambo la kweli, kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, lakini amelitumia mahali pasipo pake. Anadhani ndege ikipaa huiacha ardhi ikizunguka chini yake, hivyo Kinshasa inakuja kuipokea. Lingekuwa hivyo kama hewa ingesimama tuli na ardhi kuzunguka peke yake. Lakini katika latitudo yetu ardhi husogea kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Hewa isingekuwa inazunguka pamoja nayo, sisi wa Lubumbashi tungepigwa mchana na usiku na upepo wa kasi hiyo, na pasingebaki bati juu ya nyumba wala mwembe uliosimama. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege inaruka ndani ya hewa hiyo. Mzunguko wa dunia, kwa hiyo, haumpunguzii mama yako wala kumwongezea hata dakika moja kwa namna anayoisema mjomba.

Linaloweza kuongeza au kupunguza dakika ni upepo wa juu. Kati ya Ulaya na Marekani, ambako upepo mkali wa kutoka magharibi huvuma kwenye kimo cha ndege, safari ya kwenda huweza kutofautiana na ya kurudi kwa saa nzima au zaidi. Huku kwetu, karibu na ikweta, upepo wa juu kwa kawaida ni wa wastani, nao hubadilika kwa misimu. Kwenye njia ya Lubumbashi hadi Kinshasa tofauti yake ni ya dakika chache, na mashirika ya ndege huwa yameshaiingiza katika ratiba.

Sasa umbali. Tarakimu tatu ulizozipata zote ni sahihi, na zote zinasema kitu kimoja kwa vipimo tofauti. Kutoka Luano hadi N'djili ni takriban kilomita 1,553. Kwa maili za kawaida, ambazo Wamarekani huzitumia barabarani, ni 965. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo kipimo cha marubani na mabaharia, ni 838, kwa kuwa maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ukurasa usioandika kipimo chake waziwazi humpotosha msomaji, na ningekushauri usiutumie kabisa.

Kilomita hizo 1,553 hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kutoka uwanja hadi uwanja. Ukiuchora kwenye ramani utaona unatoka Luano, unapita karibu na Kolwezi, unaelekea kaskazini-magharibi na kukata pembe ya kaskazini-mashariki ya Angola inayopakana na Kasai, unapita kusini mwa Kikwit, kisha unaingia Kinshasa kutoka kusini-mashariki. Hakuna gari linaloweza kupita hivyo. Barabara ya taifa namba 1 huzunguka kwa Likasi, Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, na urefu wake hadi Kinshasa unazidi kilomita 2,000, huku sehemu kubwa ikiwa mbovu sana wakati wa mvua. Wazee wetu walipanda treni hadi Ilebo, reli iliyokamilika mwaka 1928, kisha wakashuka kwa mashua kwenye mto Kasai, na safari hiyo ilihesabiwa kwa siku nyingi, si kwa saa. Nalitaja hili kwa sababu wengi huona umbali wa barabara, kisha umbali wa ndege, wakadhani mmoja wao ni wa uongo. Kila mmoja unapima njia yake.

Huenda ukauliza: kama ndege za Airbus A320 au Boeing 737 zinazotumika kwenye njia hii hukimbia karibu kilomita 830 kwa saa, mbona kilomita 1,553 hazimalizwi kwa saa 1 na dakika 52? Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami ningependa tulitazame kwa makini. Saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi si saa ya magurudumu kuacha ardhi. Ni saa ya ndege kuanza kusogea kutoka mahali ilipoegeshwa, milango ikiwa imefungwa na vizuizi vya magurudumu vimeondolewa. Vivyo hivyo, saa ya kufika ni saa ya kusimama kabisa kwenye maegesho, si ya kugusa ardhi. Kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara, na kutembea tena baada ya kutua, kwa pamoja huchukua kama dakika 15. Kupaa hadi kimo cha mita 10,000 na zaidi huchukua kama dakika 20, na katika dakika hizo ndege haijafikia mwendo wake kamili, kwa hiyo huenda kama kilomita 220 tu. Kushuka huchukua kama dakika 25 kwa umbali unaokaribia huo huo, kwa kuwa rubani hupunguza mwendo hatua kwa hatua na kujipanga katika foleni ya wanaotua. Zinabaki kilomita 1,100 na ushei za mwendo kamili, ambazo ni dakika 80. Jumlisha 15, 20, 80 na 25, utapata dakika 140, ambazo ni saa 2 na dakika 20. Ukigawanya umbali wote kwa muda huo wote, mwendo wa wastani unakuwa kama kilomita 665 kwa saa, chini sana ya ule unaotangazwa na rubani akiwa juu.

Kurasa nyingi za intaneti zinazotaja muda wa kuruka hazisomi ratiba ya shirika lolote. Zinachukua umbali wa mstari mnyoofu, zinaugawanya kwa mwendo fulani uliokadiriwa, na baadhi yao huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Ukurasa unaotumia maili 500 kwa saa na kuongeza nusu saa utakupa saa 2 na dakika 26, na ule unaogawanya kwa kilomita 900 bila kuongeza kitu utakupa saa 1 na dakika 43. Makadirio ya aina hiyo yanafaa kwa kupata picha ya jumla, lakini usiyatumie kupanga miadi ya mgonjwa. Muda unaotegemewa ni ule wa tiketi, na hata huo ni muda uliopangwa, haujawa ahadi.

Jirani yako hakukosea kabisa, maana zipo ndege za njia hii zinazosimama kwenye mji wa njiani. Kwa tiketi ya mama, hata hivyo, kituo cha njiani hakionekani, kwa sababu muda wa kwenda na wa kurudi unalingana mara tu unapoondoa tofauti ya majira. Kusimama Mbuji-Mayi kungeonekana wazi kwenye saa. Kutoka Luano hadi Mbuji-Mayi ni takriban kilomita 750, na kutoka huko hadi N'djili takriban 920. Jumla ni kama kilomita 1,670, yaani nyongeza ndogo ya kilomita 120 hivi kuliko kwenda moja kwa moja. Lakini ndege hulazimika kushuka, kutembea ardhini, kushusha na kupandisha abiria, pengine kujaza mafuta, na kupaa tena, na safari nzima hurefuka kwa saa moja au zaidi. Ndiyo sababu huwaambia wasafiri wasipime safari kwa kilomita peke yake. Angalia pia neno lililoandikwa kwenye tiketi: «direct» maana yake mara nyingi ni kwamba hutabadilisha ndege, bali inaweza kusimama njiani, «sans escale» ndiyo isiyosimama. Na aina ya ndege nayo ni muhimu, kwani ndege ya mapanga kama ATR 72 hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa, na kwenye njia hii ingehitaji zaidi ya saa tatu.

Nije kwenye miadi ya Gombe, ambayo kwa kweli ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hesabu zote hizo. Kwenye karatasi kuna muda wa saa 2 na dakika 40 kati ya kufika saa 11:20 na kuonana na daktari saa 14:00. Toa muda wa mama kushuka ngazi za ndege taratibu, kupita kwenye ukaguzi, na kungoja mzigo, ambao unaweza kuwa nusu saa au saa nzima. Kisha kuna barabara. N'djili iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Gombe, na njia yenyewe ni bulevadi Lumumba inayopita Masina na Limete, ambako msongamano wa magari huweza kukula saa moja siku njema na saa mbili au zaidi siku mbaya. Hapo bado hatujazungumzia ndege kuchelewa kuondoka Luano, jambo la kawaida kwenye safari zetu za ndani. Wakati wa mvua, ambao kwetu ni kuanzia Novemba hadi Aprili, marubani hulazimika kuyakwepa mawingu mazito ya radi. Mzunguko wa kilomita 100 huongeza dakika 7 tu angani, lakini uwanja ukifungwa kwa dhoruba ndege husubiri ardhini bila mtu kujua mpaka lini.

Kwa hiyo nakushauri waziwazi: msimpeleke mama kwa daktari siku ile ya kusafiri. Mwambie mdogo wako aombe miadi ya kesho yake, au abadilishe tiketi ili mama asafiri siku moja kabla. Kubadilisha tiketi kunaweza kuwa na gharama, na kuahirisha miadi kunaweza kuwa na usumbufu, lakini mtu wa miaka 71 anayesafiri kwa ndege mara ya kwanza akifikishwa mbele ya daktari akiwa amechoka na kuhangaika, hata vipimo vya presha vyake haviwezi kusomeka vizuri. Kama daktari hapatikani siku nyingine yoyote, basi mama asafiri na begi la mkononi tu, na mdogo wako amsubiri uwanjani akiwa na gari tayari.

Kuhusu miguu, safari ya saa 2 na dakika 20 si ndefu. Hatari ya damu kuganda miguuni huanza kuongezeka hasa kwenye safari za zaidi ya saa nne za kukaa. Achukue kiti cha kando ya njia ili aweze kusimama na kutembea kidogo ndani ya ndege, awe anakunja na kukunjua vifundo vya miguu, na anywe maji. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, lakini yeye ameizoea Lubumbashi, ambako uwanja wenyewe uko kwenye mita 1,309, kwa hiyo mabadiliko kwake ni madogo kuliko kwa mtu anayetoka Kinshasa kwenye mita 313. Hata hivyo mimi ni mtu wa ndege, si daktari. Kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine na unauma, kama anakosa pumzi akilala au akitembea, kama ana ugonjwa wa moyo, au amepasuliwa wiki za karibuni, aonane na daktari hapa Lubumbashi kabla ya kupanda ndege, naye daktari aandike barua ya kumruhusu.

Siku mbili au tatu kabla ya safari, nenda mwenyewe kwenye ajansi ya shirika lililouza tiketi, ukiwa na tiketi na kitambulisho cha mama. Usipige simu tu, kwa kuwa ratiba za ndani hubadilika na mabadiliko hayafiki kwenye simu ya kila mtu. Waulize kama saa bado ni zile zile, kama ndege inasimama njiani, ni ya aina gani, na kama go-pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, inadaiwa na inalipwa wapi. Omba pia kiti cha magurudumu kwa ajili yake, Luano na N'djili zote mbili. Huduma hiyo huombwa mapema na haimaanishi kwamba mtu ni mlemavu. Siku ya kurudi, saa ya mama ikibaki kwenye majira ya Lubumbashi hatachelewa, atawahi tu kwa saa moja. Anayehatarisha kukosa ndege ni mgeni wa Kinshasa aliyekuja huku na kusahau kusogeza saa yake mbele. Na siku ya kwenda, ninyi mliobaki Katuba msianze kuhangaika simu yake isipopatikana saa 11:20 za kwenu, maana wakati huo atakuwa bado angani. Ndege itasimama N'djili saa zenu zikisoma 12:20.